Kanda la Usufi

Saa zetu ni nane hadi kumi,
baina ya adhuhuri na alasiri,
Langoni, juu ya ghala lililokuwa la mbata:
ngazi kumi na moja, kisha pazia la kanga mbili zilizoshonwa pamoja
(nilizishona mimi, bure).
Shee Famau huturushia ufunguo bila kutazama,
na hamsini zetu tunaziacha ndani ya kikombe kisicho mkono.

Tu wanne. Mwanaesha wa benki.
Bi Rahema, aliyeambiwa na daktari aipunguze sukari.
Barke, mpwa wangu, ahesabuye kwa sauti hata asipoombwa.
Na mimi, mshoni.

Na yeye.
Uso wake hatuujui, yuaja usiku.
Tunamjua kwa alichokiacha:
nondo ingali juu ya benchi,
sahani tatu kulia, tatu kushoto,
nyingine za chuma, nyingine za zege iliyosubiwa koponi mwa rangi,
kilo mia na kumi,
na jasho lake limekauka
likachora kisiwa cha chumvi pale tunapolaza migongo.

Robo saa yetu ya kwanza ilikuwa ya kuteremsha.
Si kunyanyua. Kuteremsha.
Wawili upande huu, wawili upande ule,
maana ukivua upande mmoja peke yake
nondo hupinduka ikakutafuta kidevu.
Muulize Mwanaesha lilipo jino lake.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Haya. Wahenga hawakupata kuvua sahani ya kumi na tano
kwa vidole vilivyoshika sindano tangu alfajiri.

Nikachukua chaki yangu ya kukatia nguo,
nikaandika kando ya kioo:
EWE UNYANYUAYE, TEREMSHA.
Kesho yake tukakuta mia na ishirini.

"Hajui kusoma," akasema Barke.
"Ajua sana," akasema Bi Rahema, "ndiyo maana kaongeza."

Nikafuta. Nikaandika tena, herufi ndogo,
kama mtu aandikaye kipimo cha kiuno cha mteja:
Tu wanne. Mmoja wetu kavunjika jino.

Siku tatu, kimya.
Ya nne, nondo tupu.
Sahani zimeegemea ukuta, kubwa hadi ndogo,
benchi limefutwa,
kitambaa kimefuliwa, kimeanikwa msumarini, bado kinanukia sabuni ya mche.
Barke alisahau kuhesabu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimesema hadithi njema.
Lakini Jumatatu
tulikuta nondo imepangwa upya:
kilo thelathini na tano.
Zangu. Zile zile nianzazo nazo.
Wenzangu wakacheka, wakanisukuma bega.
Mimi nilisimama pazia likiwa bado mkononi.
Kazi yangu ni kupima watu,
najua jicho linavyozunguka mwili bila kuugusa,
na sikuwahi kuwa upande ule wa futi.
Labda alisoma daftari letu la hesabu.
Labda alitaka kulipa jino.
Sikumkasirikia. Wala sikulala benchini.
Nilivua sahani zote, moja moja, nikazirudisha ukutani,
ndipo nikazipachika upya kwa mkono wangu,
thelathini na tano zile zile,
nikaongeza mbili na nusu.

Kabla ya adhana nikaandika:
Ahsante. Tupu yatosha.

Usiku ule nilikuwa napeleka buibui la mteja,
nikapita chini ya dirisha la ghala.
Nilisikia pumzi moja nzito, na chuma kikitua.
Kisha, baada ya kitambo,
chuma juu ya sakafu, polepole, kama mtu awekaye sahani za chakula
watoto wamelala:
moja. Mbili.
Nikasimama na buibui la watu kwapani
hadi ikatimia ya nane.