Skrini ya Pili

Nimeinunua Kiborloni, katikati ya makoti ya mitumba,
kwa muuzaji aliyeapa kwamba ilitoka benki.
Mgongoni ina kibandiko: DIRISHA NA. 4.
Sikubishana. Alinipunguzia elfu kumi, akanitupia na waya.

Umeme ukarudi Pasua saa mbili usiku.
Kichwa cha waya ni cha buluu, pini kumi na tano,
mbili zimepinda. Nikazinyoosha
kwa kibano cha nyusi cha Aikande,
nimebana pumzi kama anayemtoa mtoto mwiba.

Ikawaka.
Ya kwanza nyeupe, hii ya njano kama mtori uliolala.
Moja ndefu, moja fupi:
mstari wa ukuta niliokuwa nauchora
ulipofika ukingoni ukashuka ngazi.
(Nachora ramani za nyumba za watu. Mwenyewe nimepanga.)

Nikatafuta cha kuinulia.
Biblia, Aikande aliikataa kwa macho tu.
Kikafaa kitabu cha simu cha mwaka tisini na nne,
chenye jina la baba, duka la vipuri, tarakimu tano
ambazo ukizipiga leo haziiti
hata kwa mtu mwingine.

Mshale sasa ndio ukagoma.
Nausukuma kulia, unajigonga ukingoni kama nzi kwenye kioo.
Nausukuma kushoto, unazukia kulia.
Nikacheka. Nikatukana. Nikazima, nikawasha, nikatukana tena.
Aikande anakunja nguo, hii kompyuta hajawahi kuigusa:
"Kwani umeiambia mwenzake kakaa upande gani?"

Sikuwa nimeiambia.
Kwa hesabu zake, namba mbili ilikuwa kushoto,
pale penye pazia na, nje ya pazia, mgomba wa jirani;
ndiko mshale ulikokuwa ukitaka kwenda, muda wote huo.
Nikakiburuta kisanduku kidogo upande wa pili.
Kubali.

Ukavuka bila hata hodi.
Sebule ya yule mama wa Machame ikanyooka
kutoka weupe hadi unjano,
ila pale katikati, kwenye fremu mbili nyeusi,
upana wa vidole viwili,
ukuta hauonekani, nao upo.
Hapo nimemwekea mlango.

LUKU inasoma uniti sita.
Nimeizima ya njano, nikaenda kula.
Jina la baba limebaki pale mezani,
limebeba kilo nne.