Funika Moto

Saa kumi na mbili na nusu kipaza sauti cha chifu
kinakohoa mara mbili, kisha: Kafyu! Kafyu!
Langoni nzima inasikika ikiburura viti ndani.
Lali anamwaga mtaroni kahawa iliyobaki.
Punda peke yake hana habari, anaendelea kula boksi.

Bibi Mwanaate hakuinuka mbele ya tanuri la mofa.
"Hilo neno," akauliza, "limezaliwa wapi?
Halifanani na mtu yeyote ninayemjua."

Nilifanya kazi miaka minne Shela, nyumba ya Wafaransa,
nikajifunza lugha yao kwa kufua mashuka.
Nikamwambia: "Bibi, neno hilo ni la jikoni.
Zamani miji yao ilikuwa ya mbao na nyasi.
Usiku kengele ikilia, kila mwenye meko
alifunika moto wake kwa jivu, akalala.
Kuvre, funika. Fe, moto.
Waingereza wakaliazima, wakalitafuna likaisha mifupa,
sisi tukaletewa makapi, na bunduki juu yake."

Akacheka mpaka jino la dhahabu likaonekana.
"Na mengine?"
Biskuti, nikasema, ni mkate uliookwa mara mbili.
"Kwani mara ya kwanza hawakujua kuoka?"
Bajeti ni kifuko kidogo cha ngozi.
"Ndiyo maana hatujawahi kuona ndani."
Kabeji ni kichwa.
"Hilo sawa. Nimeolewa nacho miaka arobaini."

Nje zikapita buti.
Buti nalo wamelipata kwao, lakini sikusema.
Tulinyamaza. Hata unga ulinyamaza kwenye sinia.

Zilipofika kona ya msikiti
akachota jivu kwa kifuu, akalimwaga juu ya makaa
polepole, kama anayemfunika mtoto shuka.
"Kuufinika si kuuzima," akanong'ona.
"Hao mabwana zako wa kengele walijua.
Hawa wa kipaza sauti, sijui."

Saa kumi alfajiri alipekua jivu kwa kijiti.
Jekundu moja, dogo kama punje ya komamanga.
Akalipulizia, akakohoa, akalitukana, likawaka.

Mkate wa kwanza haujatoka, mlango ukagongwa.
Askari, kijana, kofia mkononi, macho hayajalala:
"Mama, iko ya moto?"

Bibi akamtazama buti, akamtazama uso.
Akamfungia minane kwenye gazeti,
akamtoza bei ya kafyu.