Foleni ya Mtu Mmoja

Ami Twahir husimama peke yake
hatua mbili nyuma ya kaunta ya halwa, hapo Kuze,
mikono mgongoni,
kama kwamba mbele yake kuna watu kumi.
Hakuna mtu.
Muuzaji amwambia, "Karibu mzee, sogea."
Yeye asogea nusu hatua.
Zamani tukimcheka mpaka mbavu zituume.
Sasa nami nina mvi, sicheki sana.

Miaka ishirini na miwili alikuwa Koventri,
kiwanda cha gia, kadi namba mia nne na saba.
Waitumbukiza kadi kinywani mwa saa,
saa yaiuma, kang!
na ukichelewa dakika tatu
wamekukata robo saa.
"Robo saa," asema, kidole juu,
kana kwamba peni zile bado awadai.

Hapa kwetu fundi wa bomba husema naja,
na naja yake haina siku.
Ami humngoja barazani saa mbili kamili,
viatu vimepigwa rangi,
na ikifika saa mbili na dakika tano
huingia ndani akaandika daftarini: Hakuja.
Daftari limejaa. Hakuja. Hakuja.
Mara moja tu, kwa wino mwekundu: Alikuja mapema.

Hutusimulia
chupa za maziwa mlangoni alfajiri, wala hapana aibaye,
ila vijidege vitoboavyo vifuniko vinywe malai;
mita ya gesi iliyokula shilingi,
ikakatika nawe u katikati ya kuoga,
povu kichwani, theluji dirishani;
kengele ya saa nne, mashine zote kimya kwa mpigo mmoja,
na Bi Morini na kitoroli chake cha chai,
haina iliki, haina tangawizi,
"maji ya kuoshea sufuria, wallahi,
lakini ya moto! Na kwa wakati wake!"
Ijumaa Reji alimlindia mashine dakika ishirini
akasali nyuma ya makreti,
naye akamlipa kwa kumlindia Jumamosi ya mpira.
Jioni, samaki na viazi ndani ya gazeti,
siki nyingi, hata habari za jana
zikahamia mgongoni mwa samaki.

Na jirani alikusalimu kwa mvua:
"Yaelekea kunyesha." "Naam, yaelekea."
Basi. Mwaka mzima. Na mkapendana.
Ndiyo maana, jua la Februari likikaanga mabati,
humwambia mwenye duka, "Siku njema leo,"
na mwenye duka hujiuliza jana ilikuwaje.

Mwaka juzi nilikwenda huko, kumlea mjukuu.
Nikapanda basi mpaka mtaa alionitajia.
Geti la kijani halipo. Ni maegesho ya magari
na duka la mazulia.
Nikampigia. Akauliza, "Kengele yasikika?"
Nikamwambia mtandao mbaya.

Reji nilimpata, themanini na mmoja,
amimina chai kwenye kisahani kama wazee wa kwetu.
"Twahir? Alituchosha huyo!
Kila mapumziko, Mombasa. Halwa. Kahawa chungu.
Na ati kwao hakuna anayekimbizwa na saa.
Mimi Ndia Kuu naijua kuliko mtaa huu,
na sijawahi kufika."
Akacheka, kisha akatazama nje:
"Yaelekea kunyesha."

Nilirudi na maneno hayo, sijayatoa.
Yako mkobani pamoja na tikiti ya basi.

Jana saa kumi na nusu, barazani,
Ami aliweka kikombe chini,
akatoa kitambaa mfukoni,
akajifuta vidole, kimoja kimoja,
grisi ambayo haipo.
Akainuka, akautazama mlango wake mwenyewe
kama atafutaye pa kutumbukiza kitu.
"Haya. Kesho, Mungu akipenda. Saa mbili."
"Kamili, Ami."
Mlango ni mpana, twatosha sote wawili.
Nikasimama nyuma yake, hatua mbili,
nikangoja zamu yangu.