Mizani ya Ghala la Zamani

Naandika nyuma ya stakabadhi, Lindi mjini.
Umeme umekatika tangu magharibi,
na mlinzi Nachundu anakoroma juu ya magunia
kama mtu asiyedaiwa.

Zamani hapa palikuwa sinema.
Penye mizani ndipo lilipotundikwa pazia jeupe,
na matundu ya projekta yangali ukutani, kule juu,
macho mawili yasiyo na mboni.
Nilikuwa na miaka tisa, nikipenyea mlango wa choo
kutazama wanaume wenye kofia wakivuta sigara
katika picha zisizo na rangi.
Kimombo sikujua hata neno.
Nilifuata vivuli tu:
kivuli kikirefuka, mtu atakufa;
mwanamke akiwashiwa sigara, mtu atasalitiwa;
mvua ikinyesha usiku, hakuna atakayerudi kwake.
Nikadhani ni mambo ya huko kwao,
kwenye baridi.

Kumbe kivuli hakiulizwi pasipoti.

Kilo mbili kwa gunia. Ndivyo ilivyoanza.
Si wizi, ilisema sauti kwenye simu, ni unyaufu.
Korosho hunyauka, karani. Hata wewe unanyauka.
Sura ya sauti ile sijaiona mpaka leo.
Niliona bahasha.
Bahasha haikuwa na jina. Mwenye jina ni mimi,
nami niliandika kwa wino wa bluu, chini ya kila uzito:
B. S. Nampota, karani mpimaji.

Somoe alikuwa mhasibu wa chama.
Wangekuwa wale watunga picha,
wangempaka midomo myekundu na nia mbaya,
wangemwegemeza mlangoni, moshi ukimzunguka,
ili watazamaji wajue mapema wa kumlaumu.
Mimi niliyemjua nasema:
alikuwa na kikohozi, kanga iliyopauka, kalamu sikioni,
na siku moja, moja tu, aliniuliza,
"Bakiri, hizi kilo mbili huwa zinalala wapi?"
Nikacheka. Nilicheka vizuri mno.

Halafu yule mama wa Nyangao, Binti Mchelenga, magunia saba.
Alikwisha kuyapima kwao, kwa mizani ya kuazima.
Alisimama hapa asiseme neno, akautazama mshale
kama mtu amtazamavyo mwanawe
akidanganya mbele ya wageni.
Kisha akatia dole gumba, akaenda zake.
Kilo kumi na nne. Sare ya shule, labda.
Bati mbili. Sijui.
Kutojua huko ndiko nilikokuwa nikilipwa.

Wakaguzi walipokuja walitaka jina moja.
Jina moja latosha kufunga faili.
Vitabu vilikuwa kwa Somoe. Funguo, kwa Somoe.
Mimi niliulizwa mara moja, mchana kweupe, soda mkononi,
wala sikusema uongo.
Nilinyamaza.
Kunyamaza nako kuna uzito wake,
ila gunia lake halina pa kushonea lebo.

Katika zile picha mwenye kosa hupatikana.
Akimbie atakavyo, ngazi huisha, taa humulika,
na mtoto wa miaka tisa hutoka akishusha pumzi,
akiamini kwamba dunia nayo ina mhasibu.
Mimi hakuna aliyenifuata.
Nilikuwa nikigeuka nyuma njiani, miezi mitatu, minne,
nikaacha.
Nimepandishwa cheo. Nimepewa feni.

Wabanguaji wanajua: ganda jeusi, kiini cheupe,
na katikati yake mafuta yale yanayobabua.
Watu hubishana kuhusu ganda na kiini.
Vidole vyangu havibishani tena.

Mwezi umeingia kwa matundu ya projekta.
Mistari miwili ya nuru imeshuka, taratibu,
mpaka juu ya mizani tupu.
Nimevua viatu, nimepanda.
Mshale unatikisika, unatafuta, unasimama.

Pungufu kilo mbili.

Nimeshuka, nimepanda tena.
Nachundu amegeukia upande wa pili,
bado anakoroma.