Kasoro Arobaini

Saa nane usiku, Nizwa. Kiyoyozi kinakoroma
kama mjomba aliyeshindilia harisi.
Ndani ya kioo nina karakana yangu:
tanuri, fuawe, mvukuto unaopumua wenyewe.
Chuma cha kimondo nimekitoa pango la saba,
kwa nge wawili wakubwa kama ngamia.
Nimekufa mara sita. Nimerudi mara sita.

Nafua Upanga wa Mwezi Mchanga, daraja la hamsini.
Mimi ni daraja la thelathini na moja.
Mchezo haukatazi.
Unaniacha nigonge, cheche ziruke, makali yawake,
kisha unaandika pembeni kwa wino mwekundu:
Ustadi hautoshi. Kasi, kasoro arobaini kwa mia.
Shabaha, kasoro arobaini. Pumzi, nusu.

Nikatoka nao uwanjani kujishaua.
Ghaniya, dada yangu, chumba cha pili,
ana kisu kama cha kukatia vitunguu,
daraja la kumi na mbili, miezi minne anakinoa.
Alinichinja upanga wangu ukiwa bado unapanda.
Nikasikia kicheko chake kikipita ukutani:
"Mundhiri, umefua kitu kizito kuliko mkono wako!"

Na Ijumaa ile, harusi ya Thuwaini, Birkat al-Mauz,
walinivisha jambia la baba.
Pete saba, ala ya fedha, kazi ya mikono yake,
baba aliyehesabu kwa Kiswahili na kugonga kwa Kiarabu.
Mkanda umekizoea kiuno cha mtu mwingine;
uliteremka nikisalimu, nikaupandisha,
uliteremka nikinywa kahawa.
Mimi nauza makava ya simu
mlango wa tatu kutoka duka lililokuwa lake.

Razha ikapamba moto. Wanaume wakarusha panga juu,
zikapinduka kwenye taa, zikarudi viganjani kama njiwa.
Nikapewa wa kwangu. Nikarusha.

Ulianguka kwenye changarawe, mlio wa sufuria.
Ngoma haikusita. Mtoto mmoja aliziba mdomo.
Wazee wakasema, "Mashallah, umefanana na baba yako,"
wakanijazia kikombe,
na hakuna, hakuna hata mmoja,
aliyeniandikia pembeni ni kasoro ngapi.

Usiku huu nimeuvunja Mwezi Mchanga.
Mchezo umenirudishia robo ya chuma,
robo tatu imekwenda na ujeuri wangu.
Nimechagua orodha ya chini kabisa, ile ya wanaoanza.
Kanda. Kanda. Kanda.

"Unagonga nini saa hizi?" Ghaniya, ukutani.
"Misumari."
Kimya. Halafu: "Mingapi?"
"Mia mbili na kumi."
Hakucheka.

Karibu na alfajiri nikazima kioo, nikatazama viganja.
Laini, vyeupe, havina hata lengelenge.
Kabatini, chini ya mablanketi ya baridi,
ipo nyundo moja ndogo, mpini umeliwa na kidole gumba
kisicho changu.