Mwenge Huwaka Zamu Sita

Dadu zilikuja namba zake hazina rangi.
Ndani ya boksi mlikuwa na kipande cha krayoni nyeupe:
unapaka, unafuta kwa kidole gumba,
namba inachomoza kama jino la mtoto.
Utaisoma bahati yako
ukishachafua mikono.

Tulikuwa wanne chini ya sakafu ya akina Lahti,
Minnesota ya kaskazini, Januari ya themanini na tatu,
theluji imeziba kidirisha, mchana umekuwa wa buluu.
Tanuri la kupashia nyumba joto likinguruma pembeni
tukaliita joka, halafu tukaacha,
maana kijitabu kilisema wazi:
joka si la wanaoanza.

Ukurasa wa tatu: tupa dadu tatu, mara sita.
Pokea ulichopewa.
Wendell akapata nguvu tano, akili kumi na saba,
mtu asiyeweza kuinua ndoo
ila ajuaye kwa nini imejaa.
Darla Lahti akawa kasisi mwenye rungu.
Mimi nikawa msimulizi, kwa kuwa boksi lilikuwa langu
na shuleni sikuwa na sauti.
Rudy akatupa dadu ya uhai. Moja.
Uhai wa pointi moja, mshumaa kwenye mlango wazi!
Akampa mtu wake jina, Boldo,
akamnunulia kamba, magunia mawili, mienge sita,
na fimbo ya futi kumi ya kugusia mbele
kabla mguu haujagusa.

"Mmesimama kwenye mdomo wa pango," nikasoma.
"Mnafanya nini?"

Kimya.
Tulizoea kuulizwa mwaka wa vita fulani,
nani kavunja, nani kala.
Hili hatukuwahi kuulizwa.

Boldo alikufa chumba cha kwanza,
mshale wa kibwengo, hata hakumwona.
Rudy akachukua raba, akafuta nusu ya karatasi,
akaandika: Boldo wa Pili, mdogo wa marehemu.
Uhai, pointi mbili.
"Ukoo unapanda," akasema Wendell.

Ndipo Eino Lahti akashuka ngazi na kikombe chake.
Mgodi ulikuwa umemrudisha nyumbani tangu Oktoba
na tangu Oktoba alikuwa akizungumza na redio.
Akaitazama ramani yangu, miraba na penseli.
"Nani kashika mwenge?"
Hakuna aliyeushika.
"Mmoja huwaka muda gani?"
Nikapekua. "Zamu sita. Saa moja."
"Mitatu ya kuingia, basi, mitatu ya kutokea.
Wa tatu ukizimika mnageuka,
hata mkiona dhahabu. Hasa mkiona dhahabu."
Akagusa chumba cha nne kwa kucha.
"Na hili paa limeshikwa na nini?"
Nikamwambia kijitabu hakisemi.
"Kimeandikwa na mtu aliyekaa juu."

Akavuta ndoo tupu ya rangi, akaketi.
Akatupa dadu zake taratibu, moja moja,
na penye jina akaandika Toivo.
Darla akaacha kutafuna.
Hatukuuliza.

Alikwenda mbele, akigonga kuta kwa fimbo ya Rudy,
akitutaka tunyamaze ili asikie.
Mwenge wa tatu ulizimika mlangoni pa chumba cha saba.
Nyuma ya mlango ule, mimi peke yangu nikijua,
palikuwa na kasha, vipande elfu mbili,
na mlinzi aliyelala fofofo.
"Tunarudi," akasema.
Rudy alikaribia kulia. Wendell akapiga hesabu za kumpinga,
hesabu sahihi kabisa, na hazikumsogeza.

Wakarudi mraba kwa mraba,
yeye akihesabu kwa Kifini, kidole kwenye karatasi,
tanuri likizima na kuwaka.
Nilitupa dadu ya vibwengo kila zamu ya pili.
Mara moja ilitoka mbaya.
Nikaifunika kwa kiganja.

"Mko nje," nikasema. "Kuna theluji."
"Hesabu watu."
"Wanne."
Akatuangalia, akahesabu tena mwenyewe.