Nafasi Kati ya S na H

Manispaa ilitaka MOSHI:
herufi tano za chuma, mita mbili kwenda juu,
zisimame bustanini, mlima nyuma yake.

Nilizikata kwanza kwa maboksi ya friji,
tukazijaribu kwenye nyasi, mimi na fundi Elirehema.
Akaja mama, mkungu wa mshare kichwani,
akakwama mbele ya S.
"Na njia yetu?"

Kweli. Kijia cha vumbi, upana wa nyayo mbili,
kilichochimbwa na waendao Mbuyuni.
Nikaisogeza H. Hatua tatu.

"Neno limekatika," afisa akaguna.
Limekatika, ndiyo.
Elirehema akashusha miwani, akachomelea.

Jioni mama akarudi, kichwa kitupu, kanga begani,
akapita katikati
bila kusoma.